Kumbe panya wa maabara hawapati hedhi!

Jamani hivi mlijua panya wa kawaida wa maabara hawapati hedhi? Mi nilikuwa sijui kabisa. Sasa fikiria endometriosisi, ule ugonjwa wa tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake na kuleta maumivu makali, dawa yake utaijaribuje kwa mnyama ambaye hata hedhi yenyewe haijui? Ndo hapo mainjinia wakaingia. Linda Griffith, injinia wa MIT (chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani), ambaye mwenyewe aliugua huo ugonjwa, mwaka 2009 alianzisha kituo cha utafiti wa magonjwa ya uzazi, na timu yake inakuza seli za wagonjwa kwenye jeli ili waone kinachoendelea bila kumtegemea panya. Na mimi nilidhani uinjinia ni madaraja na mitambo tu, looh!