Siku ya Kupika Medronho, Monchique

Mwezi wa Februari, nilipokuwa nikisoma Faro, kusini mwa Ureno, mwanafunzi mwenzangu alinialika kwa babu yake katika milima ya Monchique, twende tukasaidie kupika medronho. Hiyo ni pombe kali ya Algarve, inayokenekwa kutokana na tunda jekundu lenye jina hilohilo na ngozi ya chengachenga, ambalo huota mlimani na kuchumwa kwa mkono kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa kuwa matunda ya mti mmoja hayaivi kwa pamoja, wachumaji huurudia mti uleule mara kadhaa, na huyakuta maua ya msimu ujao yamekwisha kuchanua kando ya matunda ya msimu huu. Sisi tulifika kazi hiyo ikiwa imepita. Matunda yalikuwa yamelala ndani ya mapipa tangu kabla ya Krismasi, yakichachuka taratibu, yakiwa yamefunikwa vizuri yasipate hewa na kugeuka siki.

Mimi nimekulia Tabora, ambako ukitaja mtambo wa gongo lazima kwanza utazame nyuma yako. Kwetu gongo hupikwa porini karibu na maji, na mpishi huwa na jicho moja motoni na jingine njiani. Banda la mzee huyu lilikuwa mbele ya nyumba yake, kando ya barabara, mlango wazi, moshi ukipanda mchana kweupe.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa shaba, umejengewa juu ya jiko la mawe. Tulimimina rojo la matunda ndani ya sufuria kubwa, tukaongeza maji kidogo, na mjukuu akakoroga kwa mti mrefu bila kupumzika, maana rojo likishika chini, harufu ya kuungua huingia katika pombe na haitoki tena. Lilipoanza kupata moto sawasawa, mzee akafunika kichwa cha shaba, kisha akakanda unga na maji na kuziba maungio kwa kidole gumba, polepole, akizunguka sufuria yote na kurudia kila mahali palipopumua. Kutoka kwenye kichwa kile, mvuke ulipita katika bomba lililojiviringa ndani ya tangi la maji baridi. Moto akaupunguza hadi nikadhani unazimika. Moto mkali, alisema, hupeleka kila kitu kwenye chupa, kizuri na kibaya.

Tukiwa tunasubiri tone la kwanza, gari la askari likasimama nje. Tumbo lilinicheza, na nilijikuta nimekwisha kupiga hatua kuelekea mlango wa nyuma. Askari akaingia, akavua kofia, akamsalimu mzee kwa heshima, akauliza kama hiki ni chungu cha kwanza cha siku, akala kipande cha kiazi kitamu kilichochomwa majivuni, akaenda zake. Mzee alikuwa na leseni, na karatasi yenyewe ilibandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichotoka kwanza hakikunywewa. Kilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua, kama ya rangi ya kucha, na mzee alikitenga katika chupa ya kusugulia magoti yake. Baada ya hapo alikuwa akikinga matone kiganjani, akisugua mikono yake miwili na kunusa, mpaka alipopata harufu ya tunda ndipo akasogeza dumu safi. Saa kadhaa baadaye alifanya vivyo hivyo ili kujua mkia umeanza, yaani pombe imekuwa nyepesi na chachu. Hiyo nayo akaiweka kando ili ichanganywe na rojo la chungu kinachofuata. Kwa hesabu yake, lita moja ya medronho hula kilo 8 hadi 10 za matunda. Kipimo cha kioo cha kupimia ukali wa pombe alikuwa nacho, lakini alikitumbukiza mwishoni tu, nadhani kwa ajili ya wageni, na kikasoma asilimia 48 ya kileo.

Aliniuliza sisi kwetu tunapimaje. Nikamwambia, “Babu, wengi huwasha kiberiti, ikishika moto, basi ni nzuri.” Akatikisa kichwa. Moto, alisema, huonyesha kwamba kuna kileo tu. Hata ile pombe ya sumu inayopofusha watu macho huwaka, tena mwali wake mchana hauonekani vizuri. Nimeishi miaka mingi nikiusikia ushahidi ule wa kiberiti ukitolewa kwa kujiamini kabisa, na sijawahi kusikia ukijibiwa kwa ufupi namna hiyo. Kisha akabandua ule unga uliokuwa umekauka, akafungua sufuria, na kunikabidhi mti wa kukorogea, kwa kuwa pipa la pili lilikuwa limekwisha kusogezwa.