Siku Baba Yao Alipokuja Kutia Saini

Mwaka 2014 mke wangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wodini, aliniambia jambo lililokuwa likimsumbua kuliko kisu chenyewe. "Nikifia humo ndani, kwa hawa watoto wewe si mtu."

Hakuwa ananitukana, alikuwa anasema ukweli. Wale wawili niliishi nao tangu mdogo hajaanza kutembea. Ada nililipa mimi, homa zao nilikesha nazo mimi. Lakini kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa palikuwa na jina la mwanaume mwingine, mvuvi wa Ukerewe ambaye hakuwa amekanyaga Mwanza kwa miaka mingi. Mama yao akifumba macho, ndugu wa upande ule wangeweza kupanda meli Nansio, wakashuka hapa na kudai damu yao, nami nisingekuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Mungu alitusaidia, akapona. Alipopata nguvu za kupanda daladala, safari yetu ya kwanza ilikuwa kwa wakili.

Wakili alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu. Alitufungulia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kutueleza taratibu. Ombi la kuasili, yaani kumfanya mtoto awe wako kisheria, linakwenda Mahakama Kuu. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Kwa kuwa mimi ni mume, tungeomba wote wawili kwa pamoja, mimi na mke wangu. Hapo mke wangu alimkatiza.

"Yaani mimi niombe kumuasili mtoto niliyemzaa?"

"Ndiyo, mama. Mnaomba pamoja ili amri iwaweke wote wawili kuwa wazazi."

Nilimwona akikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili, mara tatu, kisha akaguna, "Haya."

Kuhusu baba yao, wakili alisema kuna njia mbili. Tungeweza kuithibitishia mahakama kwamba aliwatelekeza watoto, na jaji akiridhika anaweza kutoa amri bila ridhaa yake. Au tungemtafuta, tumweleze, na akubali mwenyewe. Njia ya kwanza ilionekana nyepesi, maana matumizi hakuwa ametuma muda mrefu na mashahidi walikuwepo. Mke wangu ndiye aliyeikataa. Alisema hataki binti yake aje kusoma karatasi ya mahakama siku moja na kukuta baba yake ameandikwa kama mtu asiyefaa, na walioandika ni sisi. Nilimpenda mke wangu siku zote, ila siku ile nilimheshimu kwa namna mpya.

Nyumbani, wajomba zangu walipinga. Sisi ni Wasukuma, na kwa wazee wetu mwenye ng'ombe ndiye mwenye watoto. Yule bwana aliishi na mke wangu bila kupeleka mahari hata ya mbuzi. "Hao ni watoto wa ujombani kwao," mjomba mkubwa alisema. "Ridhaa ya nini tena?" Nilimjibu kwa adabu kwamba jaji hatauliza ng'ombe, atauliza cheti. Hakuridhika, lakini aliacha kulisemea.

Namba ya simu tuliipata kwa shangazi yake mke wangu aliyeolewa Nansio. Nilipiga mimi. Nilijitambulisha, nikaeleza nia yetu bila kuzunguka. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Kaka, nitakuja mbalamwezi." Anayekaa kandokando ya Ziwa Victoria anaelewa: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Nilitaka kumtumia nauli. Wakili alinikataza kabisa, akisema sheria hairuhusu malipo yoyote katika kuasili, na kwamba hata elfu kumi ya nauli inaweza kuja kuulizwa mahakamani. Kwa hiyo alikuja kwa pesa yake.

Tulikutana ofisi ya ustawi wa jamii. Alikuja na kaka yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkorofi, nikamkuta mtu mpole, mwembamba, amevaa koti la suti lililomzidi mabega. Mikono yake ndiyo niliyoitazama zaidi. Nyuzi za nyavu zilikuwa zimeichanja miaka mingi, makovu membamba meupe yamepita vidoleni kama mistari ya daftari, na ukucha wa dole gumba ulikuwa mweusi. Aliiweka juu ya magoti muda wote, kama kijana aliyepelekwa ukweni.

Afisa ustawi, dada mmoja mtaratibu sana, hakumpa kalamu. Alimsomea kwanza. Alimweleza kwamba mahakama ikitoa amri, haki zake zote juu ya watoto hawa zitakoma, na wajibu pia. Kwamba hatakuwa na sauti katika shule yao, matibabu yao, ndoa zao. Kwamba jambo hili ni la kudumu, halina kurudi baada ya mwaka au miaka kumi. Kila sehemu alimuuliza, "Umeelewa, baba?" Naye kila mara alijibu, "Nimeelewa."

Kaka yake ndiye aliyeingilia. Alisema kwao mtu hachukui mtoto wa mwenzake mikono mitupu, kuna utaratibu, wazee nyumbani watauliza. Wakili wetu alianza kujibu, lakini yule bwana alimwinulia kaka yake kiganja. "Kaka, tafadhali. Sikuja kwa hilo." Kaka yake akajiegemeza kwenye kiti na hakuongea tena hadi tulipotoka.

Kisha yule bwana akamgeukia afisa na kuuliza swali ambalo sikulitarajia. "Nikifa, watakuja kunizika?"

Mle ofisini palitulia. Afisa alieleza kwamba sheria inakata haki na wajibu wa mzazi, haimkatazi mtu kwenda msibani. Lakini yule bwana hakuwa anamtazama afisa tena, alikuwa ananitazama mimi. Swali lilikuwa langu.

"Watakuja," nilimwambia. "Na mimi nitakuja nao. Watakutupia udongo."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba kalamu. Alisaini pole pole, kwa herufi kubwa, jina lake lote na la baba yake, mara mbili, maana kila mtoto alikuwa na hati yake. Kwenye hati ya pili, ya mdogo, alisimama katikati ya jina. Tulingoja. Akamalizia. Kamishna wa viapo akagonga muhuri.

Nimewahi kusikia watu wakisema mwanaume wa namna ile amewatupa watoto wake. Wapo wanaotupa, na watoto wao nawajua. Huyu alipanda meli kwa nauli yake, akakaa mbele ya watu anaowaonea aibu, akasikiliza hadi mwisho yale anayoyaacha, na akaulizia kaburi lake. Mimi mtu kama huyo siwezi kumwita mtupaji, na sikubali aitwe hivyo nyumbani kwangu.

Mke wangu alikuwa amewaambia watoto watukute kwa mama ntilie wakitoka shule. Tuliagiza ugali na sato. Walifika na sare zao, binti mbele, kaka yake mdogo nyuma ameshika mkoba wa dada. Binti alimtambua. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo baba." Akajibu, "Marahaba, mama," na sauti ikamkwama. Mdogo hakumjua kabisa, alimpa mkono kama anavyompa mgeni yeyote. Nilipowaona wamekaa upande kwa upande niligundua kitu ambacho sikuwahi kukijua asili yake: masikio ya yule mtoto, yaliyochomoza juu, ambayo tangu utotoni nimeyavuta kwa utani, yalikuwa ya mtu huyu.

Binti aliuliza, "Bibi mzima?"

"Mzima. Miguu tu. Anakuulizia."

Hawakuongea mengi zaidi. Alimmegea mdogo mnofu wa samaki, akamtolea miba moja moja, vidole vile vyenye makovu vikienda haraka kuliko kisu. Jioni alirudi bandarini. Alituachia mfuko wa dagaa wakavu, nami nilimuuliza wakili kwanza kama tunaruhusiwa kuupokea. Alicheka na kusema tuupokee.

Mahakama ilichukua miezi. Afisa alikuja nyumbani, akaangalia wanapolala, akazungumza na walimu, akazungumza na watoto bila sisi kuwepo, akaandika taarifa yake. Shauri lilisikilizwa chemba, hakukuwa na watazamaji. Jaji alituuliza mimi na mke wangu maswali machache, kisha akaweka kalamu chini na kumgeukia binti. Alikuwa ameshatimiza miaka 14, na kwa umri huo sheria inataka ridhaa yake mwenyewe.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Najua, Mheshimiwa."

"Unakubali?"

"Nakubali. Ila naomba jina langu lisibadilishwe."

Jaji alinitazama aone kama nina neno. Sikuwa nalo. Jirani yetu mmoja Mwislamu alikuwa amenieleza zamani kwamba katika dini yao yatima hulelewa kwa mapenzi yote, lakini nasaba yake haiguswi, na mimi, ingawa ni Mkristo, niliona hapo pana heshima kubwa. Mdogo alipoulizwa alisema anataka jina langu. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, majina ya ukoo mawili, baba mmoja kisheria. Amri ilipelekwa kwa Msajili Mkuu, RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, waingizwe kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Shuleni waliuliza kuhusu majina, tukawapa nakala ya amri, wakaacha kuuliza.

Mwishoni mwa mwaka ule simu yangu iliita, namba ya Ukerewe. Salamu zilikuwa ndefu, ya kazi, ya ziwa, ya afya ya mama watoto. Halafu akanyamaza kama mara ile ya kwanza.

"Kaka, naomba ruhusa. Bibi yao angependa wale naye Krismasi."

Neno ruhusa lilinichoma. Nilimwambia hiyo si ya kuomba kwangu, ni ya kupanga tarehe. Watoto walifunga shule wiki ile ile. Nikamwambia awasubiri gatini Nansio Jumamosi, na kwamba mdogo hali dagaa wenye pilipili.

"Hata mimi sili," akasema.