Leslie Nielsen: kuchekesha kwa uso mkavu

Anayetaka kujifunza kuchekesha mbele ya kamera asianze na waigizaji wanaokunja nyuso na kutoa macho. Aanze na Leslie Nielsen. Mkanada huyu, mzaliwa wa Regina mwaka 1926, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 alipoanza kujulikana kwa vichekesho. Kabla ya hapo aliigiza watu wasio na mzaha tu kwenye skrini: kamanda wa chombo cha anga katika Forbidden Planet (1956), nahodha wa meli inayopinduka katika The Poseidon Adventure (1972), na kwenye televisheni nafasi za kila aina.

Waongozaji wa filamu ya vichekesho Airplane! (1980), Jim Abrahams na ndugu wawili David na Jerry Zucker, walimtaka kwa sababu hiyo hiyo. Kisa chao walikitoa kwenye filamu isiyo na mzaha hata kidogo, Zero Hour! ya mwaka 1957: ndege iko angani, waliokula samaki wanaugua, marubani wakiwemo. Walihitaji watu wa kukiigiza kana kwamba bado ni mkasa.

Mtazame akiwa Daktari Rumack. Anaingia chumba cha rubani, anawatakia heri walioshika usukani, anawaambia wote wanawategemea, anatoka. Baadaye anarudi na maneno yale yale. Ndege imeshatua, hatari imepita, naye anatokeza tena kuyasema! Sauti haipandi wala haishuki. Mwigizaji mchanga angeikazia ile mara ya mwisho, kwa kuwa anajua kicheko kiko hapo, na papo hapo daktari angetoweka, abaki mtu anayesimulia utani.

Zoezi lake ni hili. Chukua mstari wa kawaida wa tamthilia ya hospitali, useme, ujirekodi. Kisha weka maneno ya kipuuzi mahali pa yale ya maana, useme kwa mwendo ule ule, na usikilize rekodi zote mbili kwa kufuatana. Karibu kila mtu hupunguza kasi kidogo kabla ya neno la mzaha, au huinua nyusi. Rudia mpaka hilo liishe. Macho yabaki kwa unayezungumza naye. Na usinyamaze kusubiri kicheko: jukwaani watazamaji wanakijaza kimya hicho, lakini kwenye filamu kinabaki pengo.

Mwaka 1982 timu ya Airplane! ilimpeleka ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, kama mpelelezi Frank Drebin katika Police Squad!, bila vicheko vya kurekodiwa. Mwisho wa kipindi picha inaonekana kuganda, kumbe ni waigizaji waliosimama tuli huku kahawa ikiendelea kumiminwa na kufurika kikombe. Ni kazi ngumu kwa mwigizaji, maana akitupa jicho tu kwenye kikombe, mzaha umekufa. Zilitengenezwa sehemu 6 tu, kisha kikafutwa. ABC ilieleza kwamba ili kukifurahia ilibidi mtu akitazame kwa makini. Ajabu ya sababu, lakini ndiyo iliyotolewa.

Drebin alirudi sinema mwaka 1988 katika The Naked Gun. Pale anapokwenda msalani na kipaza sauti kikiwa bado kwenye nguo, Nielsen hafanyi chochote zaidi ya mtu aliye peke yake anayejiimbia. Mzigo wa kuchekesha wanaubeba waliobaki ukumbini, ambao wanasikia kila kitu.

Kwa maoni yangu, filamu za baadaye kama Spy Hard (1996) zilimpotezea silaha hiyo, kwa kuwa zilimtaka aonyeshe kwamba anajua anachekesha. Zima sauti uone: uso wa Rumack unaweza kuuhamishia tamthilia yoyote ya madaktari na hakuna atakayeshtuka, lakini wa Spy Hard kila mara unakuonyesha mahali pa kucheka.