Nyonga iliniuma sababu ya mlima wa Kadutu, nilifanya hivi ikapona

Bandugu wa Bukavu munaotembeaka asubuhi, hii ni yenu. Nilianza kushuka toka Kadutu mpaka Nyawera na kupanda tena kila siku, bila kupumzika hata jumapili, na wiki ya tatu nyonga ya kuume ikaanza kuuma pale pembeni, kwenye ule mfupa unaoshika ukiweka mkono, usiku nikilalia upande ule naamka machozi yananitoka.

Nikaenda kwa mutu wa kine, yule anayetibu misuli na viungo kwa mazoezi. Akanifinya pale pale, akasema simama mguu moja, kiuno kikaanguka upande wa pili. Kumbe misuli ya matako ilikuwa zaifu, kano zake zikachoka juu niliongeza mwendo haraka sana, na mlima ukazidisha.

Sikuacha kutembea, nilipunguza tu: dakika 15 kule chini karibu na ziwa kwenye tambarare, leo natembea kesho napumzika. Jioni nalala ubavu, nainua mguu wa juu polepole mara 10, raundi 3, kiuno kisirudi nyuma. Usiku mto kati ya magoti. Na kukunja nne kazini nikaacha kabisa, naamini hiyo ndiyo ilisaidia kuliko yote. Viatu pia, kisigino kilikuwa kimeliwa upande moja, nikabadilisha.

Wiki ya sita nikalalia ule upande mpaka asubuhi. Mlima nimeurudilia mwezi wa tatu wa mazoezi haya, nusu kwanza. Lakini kama huwezi kukanyagia mguu, ao una homa, usijaribu haya, nenda kwa docta.