Wameniuliza Kama Nitarudi

Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Kura yangu ya uchaguzi wa Marekani imefika Minneapolis. Nimeiona usiku huu kwenye simu, tuko barazani Kibokoni, Mombasa, mimi na mamangu, umeme umekatika na upepo umelala. Tovuti ya jimbo la Minnesota ina mahali pa kuandika jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha inakwambia karatasi yako imefikia wapi. Yangu imepokewa na imekubaliwa. Nikamsomea Mama. Akakishika kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa simu.

“Na wino u wapi?”

Nikamwambia kura hii haina wino.

“Basi hiyo si kura, mwanangu. Hiyo ni barua.”

Nilicheka, lakini tangu aingie ndani kulala neno hilo halijanitoka. Kweli ni barua. Tena ni barua iliyoanza kwa swali ambalo sikumtafsiria.

Raia wa Marekani anayekaa nje hasubiri siku ya uchaguzi. Mapema katika mwaka wa uchaguzi hujaza fomu moja ya kuomba karatasi ya kura, ambayo mpaka leo wanaiita ombi la kadi ya posta ingawa siku hizi unaweza kuijaza kwenye kompyuta. Sheria ya mwaka 1986 inalazimisha kila jimbo limpe mtu wa nje nafasi ya kupiga kura za kitaifa. Mimi sikuwa mapema, niliijaza Agosti. Jina, namba ya pasipoti, na anwani ya mwisho uliyokaa kule. Yangu ni chumba cha kupanga ghorofani, mtaa wa Cedar-Riverside, ambako ukitoka nje unasikia Kisomali kabla hujasikia Kiingereza. Haidhuru kwamba sasa kuna mtu mwingine mle ndani, amepachika mapazia yake na anapika vyake. Kwa hesabu ya kura mimi bado ni wa pale. Nilipohama niliondoa kila kitu mle chumbani, hata kinu cha pilipili, kura ikabaki.

Halafu linakuja lile swali. Unatakiwa uchague wewe ni mtu gani. Raia uliye nje na una nia ya kurudi. Raia uliye nje na huna hakika kama utarudi. Raia ambaye hujawahi kuishi Marekani. Unatia alama mahali pamoja tu, na chini yake unatia sahihi kwa kiapo, na wanakukumbusha kwamba kusema uongo hapo ni kosa la jinai.

Mama alikuwa hapo kando yangu, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Akaona kalamu imesimama.

“Wamekuuliza nini, mbona umeganda?”

“Anwani,” nikasema.

Nilirudi Mombasa 2021 kwa miezi sita. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwenye nyumba kule, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama, na sukari yake ilikuwa imepanda na kidonda cha mguu hakifungi. Miezi sita ile imezaa miaka mitatu. Masanduku yangu mawili yako kwa rafiki yangu kule, chini ya kitanda, na kila Idi ananiuliza kwa upole niyafanyeje. Sijawahi kumjibu sawasawa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kunitaka jibu la kuandika, la kiapo, hakuwa Mama wala rafiki yangu, ni karani wa uchaguzi nisiyemjua.

Na jibu lina bei. Kwa Minnesota, ukisema utarudi, wanakupa karatasi nzima: rais, seneta, mbunge, kisha majaji, bodi ya shule, na yote ya pale mtaani. Ukisema huna hakika, unapewa zile nafasi za kitaifa tu. Rais, seneta, mbunge, basi. Jamaa yangu mmoja aliyeko Nairobi, mwenye pasipoti kama yangu, aliniambia, “Andika unarudi, nani atakufuata?” Pengine hakuna. Lakini nimelelewa na mtu ambaye hata akiapa kwa mzaha hujirudi akaomba toba. Nikatia alama kwenye huna hakika.

Mkono uliniuma kuliko nilivyodhani. Nilifanya kazi miaka tisa katika jiko la shule ya umma kule. Sera za Washington nazijua kwa kusikia redioni kama mtu yeyote, lakini bodi ya shule naijua kwa chakula ilichokata na saa za kazi ilizotupunguzia. Kama kuna kura moja Marekani ningeweza kuipiga macho yakiwa wazi, ni ile. Nayo ndiyo wamenivua. Wamenibakishia rais wa nchi nzima, ambaye ninamjua kupitia televisheni.

Sisemi wamekosea. Mzazi aliyeko pale, ambaye mwanawe atakula kile chakula Jumatatu, ana haki ya kuamua kuliko mimi niliyekaa Kibokoni nakula mahamri. Nasema tu kwamba inauma.

Lakini nilipoipima hivyo nikagundua kwamba Kenya ilinifanyia vivyo hivyo, na kwa ukali zaidi. Niliondoka 2006. Desemba 2007 Wakenya walipopiga kura, na baadaye nchi ikawaka, mimi nilikuwa nimejifungia na kadi ya simu, nampigia Mama usiku kucha laini haishiki. Sikuwa na kura Kenya kwa sababu sikuwapo, na sikuwa na kura Marekani kwa sababu sikuwa raia. Mwaka uliofuata Obama alishinda, Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu ya taifa, Mama akanipigia kunipongeza kana kwamba nimemchagua mimi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba siku ile nilipita mbele ya kituo nikiwa na sare ya kazi, nikaendelea na safari yangu.

Katiba ya 2010 ikatufurahisha. Ilisema aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia kwa kuchukua wa kwingine, na ikasema waliomo ng'ambo wataandikishwa na kupiga kura hatua kwa hatua. Hilo la hatua kwa hatua tulilipita haraka tuliposoma. Machi 2013 hatua ya kwanza ikaishia Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. 2017 ikafika Afrika Kusini. 2022 zikawa nchi 12, Marekani ikiwamo, lakini ni lazima uende mwenyewe kwenye ubalozi au ubalozi mdogo wenye kituo, na Minnesota haikuwa na kituo. Nao hao waliofika walipewa karatasi moja, ya rais peke yake. Gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, mwakilishi wa wadi, hayo si yako wewe uliye mbali. Tangu niondoke hadi nilipopata uraia wa kule 2014, miaka minane, sikuwa na kura popote duniani. Nilikuwa natuma pesa nchi moja na kulipa kodi nchi nyingine.

Kwa hiyo Agosti 2022, nikiwa tayari nimerudi, nilipanga foleni Mvita tangu alfajiri kama mtoto anayesubiri baskeli. Nilitaka karatasi zote sita. Nikapewa tano. Siku moja kabla, tume ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa gavana wa Mombasa, na wa Kakamega pia, kwa sababu picha za wagombea zilikuwa zimechanganywa kwenye karatasi. Tukarudi tarehe 29 kumalizia. Mama alitembea na fimbo mara zote mbili. Kidole chake kilikaa cheusi mwezi mzima, na alikuwa akikipitisha mbele ya majirani kana kwamba ni hina ya harusi.

Ya mwaka huu haina foleni. Sheria ya kule inataka karatasi zitumwe si chini ya siku 45 kabla ya uchaguzi, na yangu iliingia kwa barua pepe Septemba 20. Kuja inakuja kwa umeme, lakini Minnesota inataka irudi ikiwa karatasi ya kushikika, na iwe imefika kabla ya vituo kufungwa Novemba 5. Nikaenda saiba kuprinti. Kijana wa pale akaitazama karatasi ya rais wa Marekani ikitoka kwenye mashine yake, akaniuliza kama anaweza kujiprintia moja ya kwake. Nikamlipa nakala nikakusanya vyangu haraka.

Nilijaza usiku, mezani, baada ya kusoma maelekezo mara tatu. Unapaka wino mweusi kwenye kiduara kilicho kama punje ya mchele, hutii tiki. Karatasi inaingia bahasha ya kwanza isiyo na jina. Hiyo inaingia ya pili, yenye jina, sahihi na kiapo. Hiyo nayo inaingia ya tatu ya safari. Mahali nilipokwama ni niliposoma kinachoipata ikifika. Karatasi niliyoprinti mimi haiingii kwenye mashine yao ya kuhesabia, kwa hiyo makarani wawili wa vyama tofauti huketi pamoja na kunakili alama zangu kwenye karatasi rasmi. Nikamweleza Mama.

“Kumbe mwisho wa yote anayekutilia alama ni mtu mwingine?”

“Wawili. Wanachungana.”

Akafikiri. “Kama mashahidi wa nikaha,” akasema, akaridhika.

Bahasha za wengine huenda Nairobi, ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, zikasafirishwa kwa mfuko wa kidiplomasia. Mimi niliogopa siku. Nikaipeleka kwa wasafirishaji wa vifurushi hapa mjini, kwa bei ambayo ningenunua mbuzi wa mwezi mmoja, na msichana wa kaunta akaniuliza thamani ya kilichomo. Sikujua nijaze nini. Akaandika sufuri.

Mama hakuniuliza nimempa nani. Kwake hilo ni kama kumuuliza mtu mshahara. Ila usiku huu, baada ya ile habari ya wino, alikaa kimya kitambo, anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

“Na uchaguzi ujao watakuletea tena?”

“Mpaka niombe. Ile fomu ni ya mwaka mmoja. Ikifika Januari naijaza upya.”

“Yote?”

“Yote.”

“Na watakuuliza tena ile anwani?”

Nikamtazama. Alikuwa anaangalia njiani, ambako mtu alikuwa anapita na tochi.

“Watauliza, Mama.”

“Haya,” akasema. Akanipa mkono nimwinue, tukaingia ndani.