Magamba yangu si uchafu

Magamba ya soriasisi, ugonjwa wangu wa ngozi, haya ninayoyakung'uta kwenye foronya kila asubuhi, yamewahi kukusanywa maabara kama mali. Mwaka 1997, mtafiti Harder na wenzake huko Kiel, Ujerumani, waliyachambua wakapata humo protini inayoua bakteria, beta-defensini 2. Ngozi yenye afya huwa nayo kidogo mno. Yenye soriasisi imejaa tele. Wadenmark nao, mwaka 1991, walitangaza nyingine waliyoikuta kwenye ngozi ya aina hii, wakaiita soriasini.

Naandika haya kwa sababu juzi saluni msusi aliona ukoko mweupe nyuma ya sikio langu, akaweka chanuo chini akaenda kunawa. Dada aliyekaa jirani akauliza kama inaambukiza. Haiambukizi, dada yangu. Tena mabaka haya hayashikwi na bakteria kirahisi kama ya pumu ya ngozi, na protini hizo zinachangia.

Kinachotokea ni hiki. Kwa mtu mzima wa afya, seli huzaliwa kwenye tabaka la chini la ngozi ya juu ikapanda taratibu, karibu mwezi mzima. Njiani hutengeneza keratini 1 na 10, protini zinazoipa ngozi uimara, kisha protini nyingine, filagrini na lorikrini, zinazoifanya ngozi ishikamane na kutunza maji. Kwangu safari hiyo ni ya siku chache tu. Keratini 10 inapungua, filagrini na lorikrini vilevile, na mahali pake zinajaa keratini 6, 16 na 17, ambazo kwa kawaida huongezeka ngozi inapoziba kidonda. Mimi sina kidonda. Ni chembe za kinga zinazomwaga interleukini 17, protini ya kupelekeana ujumbe, na ngozi inatii. Seli zinafika juu hazijakomaa, bado zina kiini ndani, ndiyo maana zinabanduka kwa mafungu.

(Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa kwenye picha. Baka langu ni zambarau linaloelekea kijivu.)

Dawa ikifanya kazi, keratini 16 inaondoka na 10 inarudi. Kiwiko changu cha kushoto sasa ni laini, limebaki doa tu. Lakini baadhi ya chembe za kinga hubaki humohumo ndani ya ngozi iliyopona, zikikumbuka. Ndiyo maana soriasisi hupenda kurudi palepale, na ndiyo maana nikiona kipele kidogo kwenye kiwiko kile sisubiri, narudi kliniki.