Daroji: nilivyomfuata dubu mla mchwa kwenye majabali ya Karnataka

Watu wengi wakienda India kuangalia wanyama wanakimbilia chui milia, na sawa, chui milia ana haki yake, ila mi safari yangu yote niliipanga kwa ajili ya dubu. Na sio yule wa kahawia anayevua samaki mtoni wala yule mweupe wa kwenye barafu. Namzungumzia dubu mweusi mwenye manyoya marefu yaliyovurugika anayeishi India, Nepal na Sri Lanka, wataalamu wanamwita Melursus ursinus, humu ntamwita dubu mla mchwa maana ndiyo kazi yake kubwa duniani. Nilikuwa nimesoma habari zake mpaka nikaona haitoshi kusoma, lazima nimwone anatembea.

Sehemu niliyochagua ni Daroji, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya dubu huyu, kilomita za mraba 80 na ushee hivi, iko kaskazini mashariki mwa jimbo la Karnataka, sio mbali na magofu ya Hampi. Kutoka Bengaluru nikapanda treni ya usiku, Hampi Express, nikapata kitanda cha juu kabisa karibu na feni, usingizi wenyewe wa mang'amung'amu, asubuhi nikashuka Hosapete. Pale stesheni nikapatana na dereva wa bajaji, jamaa mtu mzima mpole sana, nikawa namwita anna kama vijana wa kule wanavyowaita kaka zao wakubwa, na huyo ndiye alinizungusha safari nzima.

Sasa hiyo nchi ya huko ngoja nikueleze maana bila kuielewa hutamwelewa dubu. Usitegemee msitu mnene. Ni vilima vya majabali ya granaiti, mawe yamekaa juu ya mawe, mengine urefu wa ghorofa mbili tatu yameegemeana tu unajiuliza nani aliyapanga, na katikati yake vichaka vya miiba, mikunazi, nyasi kavu na udongo mwekundu. Mwezi wa tatu nilipofika jua lilikuwa linachoma kwelikweli, saa tano asubuhi jiwe huwezi kulikalia. Mtu anayepita na basi ataona pori kame lisilo na kitu. Lakini ukiangalia vizuri kila mahali majabali yalipoegemeana kuna uwazi chini yake, giza na ubaridi, na hayo ndiyo makazi yenyewe. Dubu analala humo mchana kutwa, jua likipungua anatoka, na dubu jike anazalia humohumo. Afu huyu hana habari ya kulala miezi mizima kama dubu wa nchi za baridi, chakula kipo mwaka mzima kwa hiyo anahangaika mwaka mzima.

Hifadhi wanaifungua kwa wageni mchana, tuliingia kama saa saba na nusu hivi. Unafuata barabara ya vumbi mpaka kwenye mnara wa kuangalizia, na mbele ya mnara, mbali kidogo ng'ambo ya bonde, kuna kilima cha mawe. Kabla wageni hamjakaa sawa wafanyakazi wa idara ya misitu wanakuwa wameshapita kwenye mawe hayo wakapaka uji wa sukari guru na asali ili dubu waje sehemu ambayo mtu anaweza kuwaona. Kiukweli hilo jambo nililifikiria sana. Mi ningependa dubu aje kwa sababu zake mwenyewe, na mnyama akizoea cha bure kwenye jiwe lilelile kila siku sio jambo la kushangilia. Ila pia nimeona watu pale, familia nzima na bibi zao, wanamwona dubu akiwa huru kwa mara ya kwanza maishani, na wengine wanatoka vijiji ambako dubu ni mnyama wa kuogopwa tu. Mpaka leo naona faida ipo, lakini wapake kidogo.

Tukasubiri. Tausi wakaja kwanza, wengi, wakaanza kudonoadonoa mawe, halafu nguchiro, halafu nguruwe mwitu mmoja na kundi lake wakalamba kwa pupa. Mzee mmoja wa idara ya misitu alikuwa amesimama nyuma yetu, Kiingereza hazungumzi, anna ndiye akawa mkalimani.

"Mwambie mgeni asiangalie kwenye sukari," mzee akasema, "aangalie kule juu kwenye ufa."

Nikageuza darubini kule kwenye ufa. Kivuli tu. Halafu kivuli kikasogea aisee, mwili mzima ukanisisimka.

Alikuwa dume. Dume la dubu huyu lina uzito wa kilo 80 mpaka 145 hivi, na huyu alionekana mkubwa zaidi kwa sababu ya manyoya, maana shingoni na mabegani yananing'inia marefu na upepo unayapeperusha. Anatembea taratibu, miguu ya mbele inaingia kwa ndani, kichwa kakiinamisha, na kila hatua makucha yanaonekana, meupe ya rangi ya pembe, yamepinda, yanazidi sentimita 6, na hayarudi ndani kama ya paka. Kifuani alama nyeupe ya V. Lakini kilichonishika ni uso, pua ndefu ya kijivu isiyo na manyoya mengi, na midomo inachezacheza yenyewe, anaivuta mbele, anaikunja, anairudisha, yaani midomo ina akili yake.

Nikamuuliza mzee kuhusu mdomo ule. Hakujibu kwa maneno, akafungua kinywa chake, akagusa meno yake mawili ya mbele ya juu, akatikisa kidole: hamna. Na ni kweli, dubu huyu mkubwa hana meno mawili ya katikati ya juu, pale pana pengo, na kaakaa lake limeingia ndani. Akishabomoa kichuguu kwa makucha anasogeza pua, anapuliza vumbi litoke, halafu anafunga matundu ya pua (anaweza kuyafunga kabisa, wadudu wasiingie), anachomoza midomo na kuvuta hewa kwa nguvu, mchwa wanapita kwenye lile pengo moja kwa moja. Sikuwahi kuona mnyama aliyeumbwa kwa kazi moja namna hii, kila kiungo chake ukikiuliza kinakujibu mchwa.

Kama saa kumi na nusu akaja jike na watoto wawili, wote wamepanda mgongoni. Hapo pale mnarani kelele zote ziliisha. Mmoja kakaa karibu na mabega, kashika manyoya marefu kwa mikono yote miwili, mwingine nyuma yake amelala kiubavuubavu anakaribia kudondoka. Kwa ukubwa wao walikuwa wa msimu huu, kule India wengi wanazaliwa kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kwanza, wanakaa pangoni miezi miwili mitatu, wakitoka wanapanda mgongo wa mama na wanabebwa hivyo mpaka wafike miezi sita au tisa. Mama akaanza kulamba jiwe, watoto wakateleza chini wakaanza kusukumana. Ghafla nguruwe mmoja akakoroma kule pembeni, basi sikuona hata walivyopanda, nilichoona ni mama kasimama wima na watoto wote wawili wapo juu tayari.

Dubu weusi wa Marekani wakitishwa mama anapeleka watoto juu ya mti. Huyu wa India mti haumsaidii kwa sababu chui anapanda mti vizuri kuliko yeye, kwa hiyo yeye mfumo wake ni kubaki chini na kupigana, na mtoto mahali pake pa usalama ni mgongo wa mama. Ukishaliona hilo kwa macho unaelewa mambo mengine yote ya huyu mnyama, ukali wake pia.

Ukali wake si wa kuficha, ni katika wanyama wanaojeruhi watu wengi zaidi India. Anna aliniambia jirani yake kijijini alikutana na dubu alfajiri akienda kujisaidia porini, akapasuliwa uso, jicho moja halioni mpaka leo. Nikamuuliza kama watu wa kijijini wanamchukia dubu. Akafikiria kidogo, akasema, "Kaka, yule dubu alikuwa anakula. Jirani yangu alifika karibu bila kikohozi." Na ndivyo inavyotokea mara nyingi. Dubu akiwa kazini kichwa kiko ndani ya shimo, anavuta hewa kwa kelele zake mwenyewe, macho yake yenyewe sio makali, hasikii mtu anakuja mpaka mtu yupo hatua chache. Akishtuka hakimbii, anasimama na kupiga, na kwa kuwa amesimama mapigo yanaangukia kichwani na usoni. Ndo maana wenyeji wakipita porini wanakwenda wengi, wanaongea kwa sauti, usiku wanabeba taa. Mi naona watu hawa wanastahili heshima kubwa sana, kuishi na mnyama wa namna hii nyuma ya shamba lako na bado ukamwelewa.

Karibu na geti wakati wa kutoka mzee akatuonyesha kichuguu kilichobomolewa usiku wa jana yake. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Upande mmoja udongo mwekundu umechimbwa shimo la kuingia kichwa kizima, na kuta za shimo zina michirizi ya makucha, mitano mitano, imenyooka safi, ndani udongo bado una unyevu. Mchwa walikuwa wameshaanza kuziba, wanatoka na vidonge vyao vya tope wanavibandika kimoja kimoja. Dubu hakimalizi kichuguu, anakula anaondoka, siku nyingine anarudi. Hatua chache mbele kinyesi chake, kimejaa vichwa vya mchwa na kokwa za kunazi, na kokwa zile zikipata mvua zinaota, kwa hiyo ile mikunazi unayoiona kwenye nyufa za mawe mingine imepandwa na dubu bila kujua.

Kesho yake nikarudi tena, siku hiyo mnarani alitokea dubu mmoja tu kwa mbali na hakukaa, watu wakaanza kulalamika. Ila tukiwa njiani kutoka, giza linaanza kuingia, anna akasimamisha bajaji akazima injini. Upande wa kushoto vichakani kulikuwa na sauti, kwanza mpulizo, fuuu, halafu mvuto mrefu wenye maji ndani yake, kama mtu anayefyonza juisi ya mwisho chini ya glasi kwa mrija, halafu mpulizo tena. Sauti hiyo inasikika zaidi ya mita 100. Hatukumwona hata unywele na sijali, maana huyo hakuitwa na sukari ya mtu, alikuwa kwenye chakula chake.

Kitu kilichoniumiza ni vumbi la chuma. Ukanda ule wa Ballari na Sandur una madini mengi ya chuma, na miaka ile ya uchimbaji holela malori yalikuwa yanapita usiku na mchana mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya India ikasimamisha uchimbaji wa Ballari mwaka 2011. Baadaye migodi ikaruhusiwa tena kwa masharti. Ukisimama juu ya mwamba unaona vilima vya mbali vilivyokatwa ngazi ngazi, vyekundu, na dubu anahitaji vilima, huwezi kumtengenezea jabali jingine ukishalivunja. Dunia nzima wamebaki chini ya 20,000 kwa makadirio, wapo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na kinachowamaliza zaidi ni kupoteza pori.

Kwa upande mwingine kuna jambo limefanyika vizuri. Zamani dubu hawahawa ndio waliokuwa wanatobolewa pua na kupitishwa kamba wakachezeshwa barabarani, hasa na watu wa jamii ya Kalandar ambao hiyo ndiyo ilikuwa riziki yao kizazi kwa kizazi. Sheria ya kulinda wanyama ya 1972 ilikuwepo lakini mchezo uliendelea miaka mingi, mpaka shirika la Wildlife SOS na wenzao wakaamua kuwatafutia wenye dubu kazi nyingine pamoja na kuwasomesha watoto wao, dubu wakapelekwa kwenye vituo kama cha Agra, na mwaka 2009 wakatangaza dubu wa mwisho wa kuchezeshwa ameachiwa. Nafurahi waliwafikiria wote wawili, mnyama na mwenye kamba.

Kama unataka kwenda mwenyewe, nenda kati ya mwezi wa tisa na wa tatu, mwezi wa nne na wa tano joto ni la kuumiza na mvua zikikolea majani yanaficha kila kitu. Darubini ni lazima, kwa macho matupu utaona doa jeusi tu juu ya jiwe, na kwenye kamera bila lenzi ndefu usihangaike. Lala Hosapete au Kamalapura, asubuhi tembelea Hampi, mchana saa saba uwe umeshaanza safari ya Daroji kwa bajaji, na mpatane kabisa kwamba dereva atawasubiri mpaka saa kumi na mbili jioni maana kule usafiri wa kurudi hamna. Siku za wikiendi mnara unajaa na watu wanapiga kelele, chagua katikati ya wiki, na ukiweza tenga jioni mbili.